Wewe Si Akiba Yangu ya Damu

Mwape, mwanangu, mama yangu,

Nimekusikia ukicheka na wanakwaya mpaka sauti zenu zikapotelea upande wa soko. Wamekuchukua wakuombee na kukuimbia, na najua hawatakurudisha mapema, maana kwaya ya hapa Nchelenge haijui kuaga kwa wimbo mmoja. Nimefunika chakula chako kwa sahani, nimefunga mlango wa nyuma ili kuku wa jirani wasiingie, na sasa sina kazi nyingine. Kesho utapanda basi dogo la Mansa, kisha lile kubwa la Kitwe, na nyumba itakuwa kama ilivyo sasa hivi. Naionja mapema.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kuchagua marafiki. Akina mama wa kwaya wamekwisha kukueleza hayo, tena kwa kurudia, na mambo ya Kitwe wanayajua kuliko mimi. Nataka kukuandikia habari za damu yangu. Unajua nilivyo. Nikianza kueleza kitu naanzia mbali, na mama yako alikuwa akisema kwamba mtu akiniuliza saa nitamfundisha kwanza jinsi jua linavyozunguka, na tena nitakosea, kwa kuwa si jua linalozunguka. Nivumilie kwa mara hii.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, nilifundisha elimu ya viumbe. Somo la makundi ya damu nilikuwa nikilifundisha kwa kidole changu mwenyewe. Nilijichoma sindano mbele ya darasa, nikadondosha matone mawili kwenye kigae cheupe, na juu ya kila tone nikatia dawa ya kupimia. Tone moja lilibaki laini kama rangi. La pili lilikatikakatika likawa kama maziwa yaliyoharibika, chembe zimeshikana mafungu mafungu. Hilo ndilo lililosema kwamba mimi ni kundi A. Wavulana wakubwa waliokuwa wakijigamba kwamba wanaua kiboko ndio waliokuwa wa kwanza kutafuta dirisha. Nilirudia somo hilo kila mwaka, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile. Nilikuwa na shaka na mambo mengi katika maisha yangu, lakini kundi langu la damu halikuwa moja ya hayo.

Chembe nyekundu ya damu ni kama mtu aliyevaa koti. Juu ya koti kuna vifungo vidogo vya sukari. Kila mtu wa makundi haya ya kawaida ana kifungo cha msingi. Mtu wa kundi A ana fundi mdogo mwilini anayeongeza sukari moja ndogo mwishoni mwa kile kifungo, na hiyo ndiyo alama yake. Mtu wa kundi O hana fundi huyo, kwa hiyo kifungo chake kinabaki kitupu. Mama yako alikuwa O. Wewe ulimchukua fundi wangu, ukawa A kama mimi. Ulipopimwa shuleni ulirudi nyumbani ukikimbia, ukasema, "Papa, tuko damu moja." Nilifurahi kupita kiasi. Ulikuwa na sura ya mama yako, mwendo wa mama yako, na ukoo wa mama yako, kwa kuwa kwetu sisi wa pande zote mbili za ziwa mtoto hufuata ukoo wa mama. Wewe ni wa Bena Bowa, watu wa uyoga. Mimi ni wa Bena Mbushi, watu wa mbuzi. Katika hesabu ya koo mimi kwako ni kama mgeni aliyekaa sana. Basi ile sukari moja ndogo niliishika kwa mikono miwili.

Kisha nikaugua. Unakumbuka jinsi nilivyochoka hata kunyanyua jembe, na fizi zilivyotoka damu bila sababu. Hospitali ya Mansa ikanipeleka Lusaka. Siku ile ya kuondoka, ulinishika mkono ukalia, nami ili kukunyamazisha nikasema, "Usilie, mama. Damu ikinipungukia, wewe ndiye akiba yangu." Yalikuwa maneno ya mzaha. Wewe hukuyachukua kama mzaha. Niliporudi nilikuta unalala ndani ya chandarua hata wakati wa ukame, unakula majani ya sombe na maharagwe kama mama mjamzito, umekataa kwenda na wenzako kwenye sherehe za Mwansabombwe kwa hofu ya malaria. Ulikuwa unatunza damu. Ulikuwa unaitunza kwa ajili yangu.

Sasa nikwambie yaliyotokea Lusaka, ambayo nilikusimulia nusu.

Katika chumba cha kupimia kulikuwa na binti mmoja, mkubwa kidogo kuliko wewe, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alichukua damu yangu, akatoka, akarudi, akachukua tena. Akaniita babu kwa Kibemba, akaniuliza, "Bashikulu, mmekwisha kuongezwa damu ya mtu mwingine?"

Nikamwambia bado.

"Hata Mansa?"

"Hata Mansa."

"Na jina lenu ni hili?"

Nikamwambia ndilo, na kwamba nilikuwa nalo kabla baba yake hajazaliwa. Hakucheka. Alinionyesha kigae. Mimi mwalimu wa kigae nilitazama na sikuelewa. Pale ambapo damu yangu ilikuwa ikikatika mafungu, chembe chache tu zilikuwa zimeshikana. Zilizobaki zote zilikuwa laini, zinaogelea kama hazina habari. Mtu asiyenijua angesema mimi ni O na kuna uchafu kidogo wa A umeingia.

Daktari alinieleza baadaye, polepole, na namshukuru kwa kuwa hakunifanya mtoto. Ugonjwa wangu ni saratani ya damu, hilo unalijua. Unakaa ndani ya mifupa, kwenye uboho, mahali chembe zinapotengenezwa. Kwa baadhi ya wagonjwa, chembe zinazotoka kwenye uboho ulioharibika hutoka bila fundi yule. Koti lipo, kifungo kipo, lakini sukari ya mwisho haipo. Si kwamba mtu amegeuka kuwa mtu mwingine. Nilichozaliwa nacho hakikuguswa, na nilichokupa wewe hakikuguswa pia. Ni kiwanda kilichoanza kusahau alama yake.

Akaniambia jambo moja zaidi, na hili nimelifikiria kuliko yote. Damu ina chembe, na ina maji yake ya manjano. Katika maji hayo kuna walinzi. Maji ya mtu wa O huwashambulia wenye alama ya A, kwa kuwa hayawajui. Yule binti alipopima maji yangu, hayakuishambulia A hata kidogo. Chembe zangu zilikuwa zimesahau, lakini maji yangu bado yaliitambua A kama mtu wa nyumbani. Ndivyo alivyojua kwamba sikuwa nimedanganya. Nililala usiku ule nikiyawazia hayo maji, yanazunguka mwilini yakimtambua mtu ambaye hapiti tena. Nilimkumbuka mama yako. Miaka mingi baada ya kumzika niliendelea kusogea upande mmoja wa kitanda.

Lakini sehemu niliyokuficha ni hii. Daktari alisema mbele yangu na mbele ya rafiki yangu Chola, aliyenisindikiza, "Mzee, ukihitaji damu tutakupa chembe za O. Hizo ni salama kwako hali ikiwa hivi. Zinatoka kwenye akiba ya watu wanaojitolea. Huna haja ya kutafuta ndugu mwenye A." Alisema wazi. Nami niliongezwa damu hiyo ya O, ya watu nisiowajua na ambao hawanijui, na ilinikaa vizuri. Sikuhitaji tone lako hata moja, Mwape. Tangu siku ile nilijua kwamba sikulihitaji.

Niliporudi nikakukuta na chandarua chako na maharagwe yako, na sikusema. Mimi niliyekusahihisha hesabu, matamshi, na hata namna ya kushika kisu. Neno hilo moja nililiacha bila kulisahihisha.

Nilijiambia kwamba nangoja nipate nguvu. Kisha dawa zikafanya kazi, na kiwanda kikakumbuka. Yule binti wa miwani alinionyesha kigae tena, na mafungu yalikuwa makubwa, manene, mazuri, kama yale ya Pweto. Alama ilikuwa imerudi. Nilipokuletea habari hiyo ulipiga magoti palepale jikoni ukamshukuru Mungu, ukasema, "Sasa tumekuwa sawa tena, Papa. Nikihitajika, niko hapa." Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ni uongo mfupi, lakini ni uongo. Mwezi ule ule ulikataa nafasi ya chuo kwa mara ya kwanza. Ulisema unangoja mwaka mwingine. Ulipokwisha kusema hivyo nilikula vizuri, nikalala vizuri. Nakuandikia hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Chola ndiye aliyenipasua. Wewe unamjua kama mfanyabiashara wa chisense, wale samaki wadogo, anayevuka ziwa na magunia yake na kelele zake. Unajua pia kwamba yeye ni wa ukoo wa chui, Bena Ngo, na mimi wa mbuzi, kwa hiyo sisi ni banungwe. Chui humla mbuzi, basi yeye ana ruhusa ya kunitukana popote, hata msibani, nami sina ruhusa ya kukasirika. Siku nikifa, ni yeye na wenzake watakaonizika, na watanitukana hata kaburini. Labda huko Kitwe utakutana na watu wasioujua utani huu, nao watashangaa ukiwaeleza kwamba ndio urafiki wenye kazi ngumu kuliko wote.

Alikuja siku ile barua ya pili ya chuo ilipofika. Ulikuwa unasonga bukari. Alisimama mlangoni bila kubisha.

"Mbuzi, ungali muzima? Miye nilikwisha kununua chumvi."

"Chui mzee hana meno," nikamjibu. "Utanimeza bila kutafuna?"

"Batu ba hospitali banakulainisha polepole. Minangoya tu." Kisha akakugeukia wewe. "Mama Mwape, nimesikia wamekuita kule Kitwe, kusoma namna ya kutengeneza mashine ya baridi. Vizuri sana. Samaki yangu inaoza kila siku juu ya kukosa barafu. Unaenda siku gani?"

Ukasema bila kuacha mwiko, "Siendi, papa Chola. Papa akianguka tena, nani atamupa damu? Tuko damu moja."

 Chola alinitazama mimi. Unakumbuka labda kwamba alikutuma dukani ukamnunulie sigara, na yeye havuti. Ulipotoka alikaa kwenye kigoda chako, akasema kwa sauti ile ile ya utani, akitabasamu:

"Nilizani weye ni mbuzi. Kumbe uko kupe."

Nikaushika mwiko wako, nikaendelea kusonga.

"Docteur alisema mbele yangu. Damu ile ya O unapewaka bure, ya batu haujui hata majina yabo. Sasa huyu mutoto unamufunga hapa juu ya damu gani? Tena ni mutoto ya bowa, hana hata ukoo yako. Mbuzi akikula uyoga ya batu, banafanya nini? Banamufunga kamba."

"Chola," nikasema, "nitabaki na nani?"

Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Utabaki na miye. Haiko kitu kizuri, najua. Lakini njo ile iko."

Ukarudi na sigara. Aliiweka nyuma ya sikio, akala bukari yetu, akasema chumvi ya mboga imezidi, akaenda zake. Jioni ile ndipo nilipokwambia, "Nenda Kitwe. Damu yangu imerudi kuwa A, nimepona, sina haja tena ya akiba." Ulinitazama muda mrefu ukauliza, "Kweli, Papa?" Nikasema kweli. Siku ile ilikuwa kweli kadiri nilivyojua. Lakini hata hapo nilikupa nusu. Nilikuachia uamini kwamba ile miaka yako ya kukaa ilikuwa na kazi. Haikuwa na kazi, mama. Haikuokoa chembe yangu moja. Ilinipunguzia upweke tu, na hilo ungeweza kunipa kwa hiari kama ningekuomba kwa jina lake. Sikuomba. Niliona ni rahisi zaidi mtu kuhitajika kwa damu kuliko kusema kwamba anaogopa kula peke yake.

Hilo ndilo nililojifunza kwa gharama yako. Nilidhani aibu iko katika kuhitaji watu. Mama yako alipofariki, majirani walikuja na mikeka yao wakae nami, nikawaambia niko sawa, nina madaftari ya kusahihisha. Walikaa siku za desturi, wakaondoka, na hawakurudi kwa sababu nilikuwa nimewaambia sina haja nao. Ulikuwa mdogo. Ukabaki wewe peke yako wa kubeba mtu mzima. Hata leo sijui kusonga bukari ya mtu mmoja. Nimejaribu mchana huu ulipokuwa sokoni, na imetoka ya watu watatu.

Nimefika mahali ambapo nilitaka kusimamisha kalamu.

Wiki iliyopita nilikwambia nakwenda Mansa kuchukua dawa. Nilikwenda kupimwa. Nilimwomba yule kijana wa maabara anionyeshe kigae, akanionyesha, kwa kuwa mzee akiomba kwa adabu hanyimwi. Alama imeanza tena kufifia. Si kama mara ya kwanza. Mafungu yapo, lakini kati yake kuna chembe laini nyingi, zinaogelea bila habari. Kijana akaniambia kwamba hicho peke yake si kipimo cha kusema ugonjwa umerudi, na anasema kweli. Kwa mtu aliyewahi kuugua kama mimi, ni ishara ya kuangaliwa haraka. Lazima wapime uboho Lusaka. Nitakwenda wiki ijayo. Chola atanipeleka. Nilipomwambia, alisema hawezi kuacha mbuzi wake aliwe na chui wa Lusaka.

Kwa hiyo unaona mahali nilipo. Nikikwambia, utafungua mizigo. Nakujua. Utasema Kitwe haihami. Nisipokwambia, nitakuwa nimefanya tena kitu kile kile, safari hii kwa kukusukuma badala ya kukuzuia, na mtu anayesukumwa kwa uongo hana tofauti na anayefungwa kwa uongo. Mara zote mbili ni mimi ninayeamua maisha yako kwa kukunyima habari.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya viatu, uikute ukiwa umekwisha kufika, umekwisha kulipa nauli na kupewa kitanda. Nilikuwa nimeikunja tayari. Ulikuwa mpango wa mtu mwerevu, na nimechoka na werevu wangu.

Basi ukirudi kutoka kwa wanakwaya utanikuta macho, na nitakupa barua hii mkononi. Usome hapa, mezani, taa ikiwa inawaka. Yajue mambo haya yote kama ninavyoyajua mimi: kwamba huenda ninaugua tena, na huenda siugui. Kwamba nikihitaji damu, itatoka kwa wageni wenye kundi O. Kwamba hakuna kitu ndani ya mishipa yako ninachokihitaji ili niishi. Kwamba nitakukosa vibaya, hasa jioni, na hilo si ugonjwa wala halina dawa, na si kazi yako kulitibu.

Ninataka uende. Nalisema wazi ili usitafute maana nyingine chini yake. Nataka uende ukajifunze kutengeneza hizo mashine, kwa sababu uso wako ulibadilika ulipokuwa unanieleza jinsi gesi inavyobeba joto kutoka ndani ya sanduku na kulitupa nje. Ulianzia mbali, ukaeleza sana, na sikukukatiza. Lakini kutaka ni kwangu. Kwenda ni kwako. Kama ukisoma na kuamua kubaki, nitakubali, ila ubaki kwa sababu umetaka kukaa na mzee huyu na si kwa sababu ya sukari ndogo iliyo juu ya chembe zako. Na kama ukiamua kwenda, tutaamka pamoja kabla ya jua, nitabeba upande mmoja wa mzigo hadi kituoni, na hatutalazimika kusema mengi.

Nasikia nyimbo zinarudi upande huu. Wamekusindikiza mpaka kwenye kisima, na sasa wanaimba ule wa mwisho, ambao najua hautakuwa wa mwisho. Ninafungua mlango.

Baba yako